Kupanda daraja kwenye gemu ya mpira: anza na magoli unayofungwa

Kijana anawafunga wenzake wote kwenye chumba cha gemu pale Langoni, mjini Lamu, kisha anaingia mtandaoni na kukwama daraja la saba miezi mitatu. Akikwama hivyo, dawa huitafuta mahali isipo: ananunua straika mwenye mbio zaidi, anajifunza chenga mpya, anabadilisha fomesheni kila usiku. Kwenye chumba cha gemu unacheza na watu walewale kumi. Unajua huyu hupita kulia na yule hapendi kupiga mbali, nao wamekuzoea, hata makosa yako hawayaoni tena. Mtandaoni kila mechi ni mgeni, na mgeni hana huruma na kosa lako. Anayepanda daraja ni yule aliyeacha kutoa magoli ya bure.

Maelezo haya ni ya EA Sports FC, ile gemu iliyoitwa FIFA mpaka jina lilipobadilishwa mwaka 2023, kwa padi ya PlayStation yenye mpangilio wa kawaida wa vitufe. Mchezaji wa eFootball, ile gemu nyingine ya mpira, atafaidika na habari za kusoma mchezo na za mtandao, ila vitufe vyake ni vingine.

Daftari la mechi kumi

Cheza mechi kumi bila kubadilisha chochote: kikosi kilekile, fomesheni ileile. Kila ukifungwa goli, andika mstari mmoja kabla ya kuanza mechi nyingine. Mstari uwe na mambo matatu: dakika, mahali mpira ulipopotea, na kitufe ulichokuwa umekishika goli likiingia. Hilo la tatu watu hulipuuza, nalo ndilo lenye faida kubwa. "Dk 67, winga kashuka kulia, karudisha kati. Nilishika R2 na beki wa kati." Inatosha; R2 ni kitufe cha mbio. Usiandike "bahati mbaya" wala "gemu imenibania". Hata kama mpira uligonga mwamba ukamrudia yeye, kuna pasi iliyomfikisha pale. Andika hiyo.

Usipokumbuka, PS4 huhifadhi dakika 15 za mwisho za mchezo yenyewe: bonyeza SHARE kisha mraba, video inabaki. Iangalie goli likianza, yaani sekunde kumi kabla ya shuti. Shuti lenyewe halina la kukufundisha.

Mechi kumi zikiisha, hesabu sababu. Tuseme umefungwa 20: magoli 8 ya pasi iliyorudishwa kati kutoka mstari wa mwisho, 5 ya kupokonywa mpira nusu yako mwenyewe, 3 ya kona, na 4 ya mchanganyiko. Wiki hiyo kazi yako ni yale 8 peke yake. Kona ziache. Ukizuia nusu yake tu, umeondoa magoli manne katika mechi kumi, na mechi nyingi za daraja lako huamuliwa na goli moja.

Kukaba: mwache beki wa kati mahali pake

Hilo goli la pasi ya kurudisha ndilo linalowaumiza wengi, kwa hiyo tulitazame polepole.

Winga wa mpinzani anashuka na mpira pembeni. Unaona hatari, unamchukua beki wa kati aliye karibu, unakandamiza R2 na kumkimbilia. Mpira bado uko mbali na lango, lakini goli limeshaanza. Beki uliyemtoa ameacha shimo, na straika wake, anayeendeshwa na kompyuta, hulifuata shimo bila kuambiwa. Winga anafika mstari wa mwisho, anatoa pasi ya chini kurudi kati, kipa wako ameshaegemea mwamba wa karibu, na anayepokea anasukuma tu.

Fanya hivi. Winga akishaanza kushuka, sukuma kijiti cha kulia kuelekea kwa kiungo mkabaji wako ili umchukue yeye. Mrudishe mbio mpaka kati ya nukta ya penalti na ukingo wa boksi. Akifika, achia R2, shika L2, awe anautazama mpira huku akisogea pole. Beki wa pembeni mwachie kompyuta, itamsindikiza winga bila wewe. Wewe huutafuti mpira, unaziba njia ya pasi. Winga akikosa pa kupasi atapiga kwenye pembe finyu au atageuka arudi, na akirudi umeshapata sekunde mbili za mabeki wako kujipanga. Sekunde mbili ni nyingi sana.

Wazee wanaocheza bao hawalitazami shimo lenye kete nyingi tu, wanatazama kete ya mwisho itaangukia wapi. Kukaba kwenye gemu ni jicho hilohilo: unatazama pasi itakapoangukia.

Duara, kitufe cha kupokonya, kina wakati wake. Mshambuliaji anayekimbia kwa R2 huusukuma mpira mbele kila baada ya hatua chache. Mpira ukiwa umeachana na mguu ndipo ubonyeze. Ukibonyeza mpira ukiwa mguuni, mchezaji wako anatupa mguu hewani, anakwama kidogo, na mpinzani amepita. Ndiyo maana anayebonyeza duara mara kumi kwa kumi anahisi gemu inamchukia. Kila bonyezo lililokosa lina gharama.

R1, ile ya kumwita mwenzako aje kukaba, usiishike moja kwa moja. Kila mtu anayekuja ameacha pengo alikotoka, na mpinzani wa daraja la nne kwenda juu hulitafuta pengo hilo makusudi. Ishike ukiwa umemzingira mtu kwenye chaki ya pembeni, hana pa kwenda, kisha uiachie. Mraba wa kuteleza utumie kuzuia shuti la mwisho tu. Pembetatu ya kumtoa kipa ni kwa mpira uliokimbia mbali na mguu wa mshambuliaji. Ukimtoa mapema mpira utainuliwa juu yake kwa L1 na duara, ambayo kwa anayeshambulia ni kitufe cha shuti, na hilo linauma kuliko goli la kawaida.

Kwenye mipangilio ya vitufe, kubadilisha wachezaji kwenyewe kuwe kwa mipira ya juu na mipira isiyo na mwenyewe. Ukiiachia gemu ikubadilishie kila wakati, itakutoa kwa mtu uliyemshika katikati ya hatua yako.

Fomesheni isikusumbue. 4-2-3-1 inamfaa anayeanza kwa sababu viungo wakabaji wawili wanasimama mbele ya mabeki, na hao ndio uliojifunza kuwatumia hapo juu. Mabeki wa pembeni waambie wabaki nyuma timu ikishambulia. Matoleo ya zamani hiyo ilikuwa amri ya mchezaji, na tangu FC 25 unachagua jukumu lake na kuliweka upande wa ulinzi. Ukishachagua, usibadilishe mpaka mechi 30 zipite.

Mpira ukiwa mguuni

Hapa kosa kubwa ni R2. Kidole kinaishi juu yake. Ukikimbia mpira unakwenda mbali na mguu, kugeuka kunachelewa, na pasi inayotoka katikati ya mbio inapotoka kirahisi. Cheza nusu yako yote bila R2: pokea, achia kijiti mwili utulie, geuka, toa pasi. R2 ni kwa uwanja ulio wazi mbele yako.

Kabla hujapasi, bonyeza L1 mara moja ukielekea kwa mtu unayemtaka akimbie. Ataanza mbio, beki wake atamfuata, na pale alipotoka pamebaki wazi. Mara nyingi pasi nzuri ni ya kwenda pale alipotoka, si ya kumfuata. Gonga nikugongee ni L1 na msalaba: anayetoa pasi anaendelea mbele mwenyewe.

Shuti la kupinda, R1 na duara, ni la mguu wa kulia kutoka upande wa kushoto wa boksi, au mguu wa kushoto kutoka kulia, likielekea kona ya mbali. Ukilipiga kwa mguu usiofaa linapinda kutoka nje. Angalia mchezaji wako anatumia mguu gani kabla ya kumlaumu.

Nyumba ya mawe na waifai

Padi husoma kidole chako, gemu hukionyesha kwenye skrini mara 60 kwa sekunde, yaani picha moja kila milisekunde 16 na kidogo. TV inayopamba picha huweza kuongeza milisekunde 50 hadi 100 kabla hujaona kitu, na 100 ni picha sita. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu, zima kulainisha mwendo. Ni kazi ya dakika moja, na wako watu wamelaumu vidole vyao mwaka mzima kwa sababu hiyo tu.

Mtandao una kikomo chake. Nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS, zilizoanza kazi 2009, hutua Mombasa, na mawasiliano ya Lamu yana safari ya nchi kavu kabla ya kufika huko. Ndani ya nyuzi za kioo taarifa hukimbia kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Seva, ile kompyuta inayoendesha mechi, ikiwa Johannesburg, karibu kilomita 3,000 toka hapa, kwenda na kurudi ni milisekunde 30 hata kama kila kitu ni kamili. Ikiwa Frankfurt, kilomita 6,500 hivi, ni 65. Hali halisi huwa juu ya hapo, kwa sababu waya hauendi mstari ulionyooka. Hakuna kifurushi cha kupunguza umbali, na kasi ya Mbps 40 haishindi ya 10 kwa jambo hili.

Unachoweza kukitengeneza ni kuyumba. Pingi, yaani hizo milisekunde za kwenda na kurudi, ya 90 isiyobadilika inachezeka, kidole kinaizoea. Pingi inayoruka 60, 180, 75, 210 haizoeleki kabisa. Na kwenye nyumba za mji wa kale kuyumba huanzia ukutani: kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi hunyonya mawimbi, hasa ya 5 GHz. Rauta ikiwa kwenye daka, pale mlangoni pa kuingilia, na wewe uko chumba cha ndani, waifai inapita kuta mbili au tatu. Vuta waya wa mtandao. Cat5e hubeba hadi mita 100, na nyumba nzima haifiki huko. Upitishe juu ya milango au kupitia kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, uufunge vizuri usikanyagwe. Waya ukishindikana, isogeze rauta ibaki na ukuta mmoja kati yenu, na utumie 2.4 GHz, ambayo hupenya ukuta mnene kuliko ile nyingine.

Zima upakuaji wa masasisho wakati wa mechi, na uwaombe wa nyumbani waache video kwa dakika kumi na tano. Saa mbili usiku mpaka saa tano watu wengi wako mtandaoni na laini hujaa. Baada ya swala ya alfajiri ni tulivu zaidi. Mechi za kupanda daraja zicheze saa hizo ukiweza.

Mazoezi ya nusu saa

Dakika kumi za kwanza ingia kwenye michezo midogo ya ujuzi, ile ya pasi na ya kukaba, siyo ya mashuti. Dakika ishirini zilizobaki cheza na kompyuta kwenye kiwango cha Legendary kwa sharti moja: huruhusiwi kumgusa beki wa kati hata mara moja. Utafungwa siku mbili za mwanzo. Kufikia siku ya tano kijiti cha kulia kitakuwa kinakwenda chenyewe kwa kiungo.

Kisha mechi za daraja, zisizidi tano kwa siku. Ukipoteza mbili mfululizo, zima. Mechi ya tatu baada ya mbili za kufungwa huchezwa kwa hasira, na hasira hukandamiza R2 na duara, vitufe viwili ulivyotumia wiki nzima kuviacha. Umeme ukiwa wa kuzimika na kurudi, usianze mechi bila UPS, ile betri ya akiba: konsoli ikizimika katikati unahesabiwa umepoteza, na diski ya ndani inaweza kudhurika.

Padi nayo ina adui yake hapa pwani. Upepo wa kusi huja na unyevu na chumvi, na vijiti huanza kuchafuka, mchezaji anatembea peke yake hujamgusa. Usiiache padi dirishani. Ihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vinavyonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Osha mikono ukitoka kula mahamri au viazi karai, mafuta yake huingia kwenye shina la kijiti na kushika vumbi. Kijiti kikianza kuyumba, zima padi, lowesha pamba ya masikio kidogo kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha kuzunguka shina huku ukikizungusha, kisha ngoja dakika kumi ikauke. Kikiendelea kuyumba baada ya hapo, kimelika ndani na kinataka fundi wa kukibadilisha. Usiingie mechi ya daraja nacho.

Wiki ya pili ikianza, fungua ukurasa mpya wa daftari na mechi kumi nyingine. Kama yale magoli 8 yameshuka hadi 3 au 4, hamia kwenye yale 5 ya kupokonywa mpira nusu yako. Kama hayajashuka, soma tena safu ya vitufe: karibu kila mstari utakuta R2.