Shule ya Serikali au ya Binafsi: Jinsi ya Kulinganisha Kabla ya Kumwandikisha Mtoto

Chagua shule mbili au tatu ambazo mtoto anaweza kuzifikia bila kuchoka, kisha linganisha hizo tu. Majina "serikali" na "binafsi" hayakwambii nani atakayemfundisha mwanao kusoma.

Anza na hesabu. Andika ada ya mwaka, ongeza usafiri, sare, vitabu, chakula, mitihani na masomo ya ziada, kisha piga hesabu ya miaka yote ya msingi. Uliza ofisini ada imepanda kiasi gani miaka mitatu iliyopita. Ada inayopanda asilimia 10 kila mwaka hukaribia kuwa maradufu ifikapo mwaka wa nane, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Mtoto anayehamishwa katikati kwa kukosa ada hupoteza marafiki, walimu na pengine hata lugha aliyozoea kufundishiwa, vyote kwa mpigo. Shule ya serikali nayo ina michango yake, na darasa likiwa limejaa, utahitaji muda wa kumsomesha jioni. Muda huo uhesabu pia.

Matokeo ya mtihani yasikupumbaze. Uliza: watoto waliofanya mtihani wa mwisho ni wangapi, na walipoanza darasa la kwanza walikuwa wangapi? Shule inayochuja kwa usaili, au inayowahamisha wazito wa kuelewa kabla ya mtihani, itakuwa na wastani mzuri hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida.

Kisha nenda siku ya masomo, si siku ya wageni, uombe kuona madaftari ya hesabu na ya lugha ya watoto watatu wa darasa la pili: mmoja hodari, mmoja wa wastani, mmoja anayesuasua. Hapa usiwe na haraka. Tazama tarehe: kazi zinatolewa mara ngapi kwa wiki? Je, mwalimu ameweka alama za vema na mkasi tu, au ameonyesha kosa lilipo, na mtoto akalisahihisha chini yake? Sentensi zikifanana neno kwa neno katika madaftari yote matatu, ujue watoto wananakili ubaoni. Daftari la anayesuasua ndilo litakalokuonyesha shule ilivyo.

Idadi ya watoto darasani ina uzito, hasa miaka ya mwanzo. Jaribio lililoanza Tennessee, Marekani, mwaka 1985 lilionyesha kuwa watoto wa madarasa ya 13 hadi 17 walifaulu kuliko wa madarasa ya 22 hadi 25. Lakini uliza pia walimu wangapi wameondoka tangu mwaka jana. Darasa dogo linalobadilishiwa mwalimu kila muhula halimfai anayejifunza kusoma.

Ukishamwandikisha, kagua madaftari yake mwenyewe kila wiki. Wiki mbili zikipita bila kazi kusahihishwa, mwone mwalimu wa darasa kwanza, ndipo uende kwa mwalimu mkuu.