Jinsi ya kujenga mlima wa treni barazani kwako

Nilikuwa nalehemu redio ya mteja hapa Magomeni, Mtwara, mpwa wangu wa kidato cha pili akanisogezea simu. "Mjomba, hebu ona." Treni nyekundu inapanda mlima wenye theluji, kamera imewekwa kwa dereva. Ilikuwa njia ya Bernina, ile inayotoka St. Moritz kule Uswisi hadi Tirano, Italia. Akashikilia kwamba lazima katikati ya reli pana chuma cha meno, la sivyo ingerudi nyuma. Nikasema hakuna. Tukawekeana soda.

Treni za meno zipo. Ya Pilatus, Uswisi hukohuko, inapanda hadi sentimita 48 kwa kila mita, na hapo bila meno huendi popote. Lakini ya Bernina ni gurudumu laini juu ya reli laini, basi. Kutoka Tirano, mita 429 juu ya usawa wa bahari, inafika Ospizio Bernina, mita 2,253, kwa safari isiyotimia kilomita 40. Penye mlima mkali kabisa inapanda sentimita 7 kwa kila mita. Aliyewahi kupanda Newala kwa basi atacheka, sentimita 7 kitu gani? Nami nilidhani hivyo, mpaka tulipojenga mlima wenyewe barazani.

Tafuta ubao mnyoofu wa mita 1 na vyuma viwili vya pembe vya urefu huohuo, vile wanavyotengenezea fremu mafundi wa kuchomelea. Vipigilie juu ya ubao, bapa zielekee ndani, kuta zisimame nje ili gari lisidondoke. Acha sentimita 5 kati ya chuma na chuma. Kwa kipimo hicho kila sentimita yako ni sentimita 20 za kweli, kwa hiyo una reli yenye upana wa mita 1, sawa na ya Bernina, sawa na reli yetu ya kati ya zamani, na sawa na ile reli ya mradi wa karanga wa wakoloni huku kwetu, iliyoanza 1949 kutoka Mkwaya karibu na Lindi hadi Nachingwea, baadaye ikaletwa mpaka bandarini Mtwara, na mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa na kung'olewa. Ukitaka ya SGR, ile ya Dar hadi Dodoma, acha sentimita 7 na kidogo.

Kwa nini milimani wakapenda nyembamba? Chukua kamba ya mita 2 na robo, ishike katikati ya baraza, zungusha chaki. Hiyo ndiyo kona kali kuliko zote za Bernina kwa kipimo chetu. Ya kweli ina nusu kipenyo cha mita 45. Reli inayoweza kujikunja hivyo huuzunguka mlima badala ya kuutoboa kila mahali.

Sasa gari. Kipande cha mbao, beringi nne ndogo zinazolingana, misumari minene ya kuwa ekseli. Juu yake panga betri kubwa za redio zilizokufa, uzito ugawanyike sawa mbele na nyuma. Tengeneza na gari la pili lenye uzito uleule. Kabla ya yote lisawazishe baraza kwa mpira wa maji kama wafanyavyo wajenzi. Sisi tuliruka hatua hii, tukapoteza jioni nzima tukibishana na sakafu.

Funga beringi zote nne kwa waya zisizunguke; gurudumu lililofungwa linatuonyesha mshiko wa gurudumu linalovuta. Weka gari relini, inua ncha moja ya ubao taratibu, mwenzako ameshika rula. Linapoanza kuteleza, simama, soma. Letu lilishika hadi sentimita 24. Mpwa akaruka. "Si umeona, Mjomba! Saba ni ndogo mno, hata meno ya nini?" Alikuwa ameshaikubali soda yangu bila kujua.

Nikamwambia fungulia beringi za nyuma. Si kila gurudumu la treni linavuta. Mengine yanabebwa tu. Gari likateleza kwenye 11. Kisha funga lile gari la pili nyuma yake kwa uzi, magurudumu yake yote huru. Inua tena. Tano na nusu, yakaondoka yote mawili. Mtoto akanyamaza, akarudia mwenyewe mara tatu, akiinua ubao kama mtu anayembeba mgonjwa. Bernina inataka 7.

Hapo ndipo utakapoelewa jina linaloandikwa ubavuni mwa treni za kisasa za kule. Zile ziitwazo Allegra, neno la salamu kwa Kiromanshi, lugha ya kule, ni aina ya ABe 8/12. A ni daraja la kwanza, B la pili, e ni umeme, na 8/12 ni kwamba kati ya ekseli 12, nane zina mota. Mota zimetawanywa chini ya abiria ili uzito wao nao ukandamize magurudumu yanayovuta. Wenzake waitwao Capricorn ni ABe 4/16, nne kati ya kumi na sita, nao wanafanya kazi kwenye njia nyingine za kampuni inayoendesha Bernina. Jaribu mwenyewe kuhamisha betri: zisogeze zote juu ya magurudumu yaliyofungwa uone rula inavyopanda.

Kuna na mvua, reli inateleza. Kuiigiza, pakaza reli mafuta ya nazi, tone moja tu lililosambazwa kwa kidole. Magurudumu yote manne yakiwa yamefungwa, 24 ikashuka hadi 12. Treni hizi hubeba mchanga na kuumwaga mbele ya gurudumu. Lakini usikimbilie ufukweni: mchanga wa Shangani una unyevu, unagandamana. Nenda kwa mama muuza karanga, umwombe kiganja cha ule mchanga anaokaangia. Umechujwa, umekauka kabisa. Wetu alitupa bure, ila akataka kujua karanga ziko wapi.

Sehemu ya mwisho ni ya umeme, na hapa ndipo fundi redio ninapojidai. Toa mota kwenye gari bovu la kuchezea, pamoja na meno yake ya plastiki. Funga uzi kwenye ekseli, uviringishe, ning'iniza mfuko wa mchanga wa nusu kilo kwenye ukingo wa meza. Uachie: unashuka mbio. Viringisha upya, unganisha taa ndogo ya LED kwenye nyaya za mota (isipowaka, geuza nyaya). Inawaka mfuko ukishuka. Mara ya tatu, gusanisha nyaya mbili za mota zenyewe kwa zenyewe. Mfuko unashuka polepole kama unaozama kwenye uji. Hiyo ndiyo breki ya treni ya umeme inaposhuka mlima: mota inageuka jenereta, umeme unarudi kwenye waya wa juu, na treni inayopanda upande wa pili inaweza kuutumia.

Nililolipenda zaidi, Allegra inakula umeme wa aina mbili: Bernina ni volti 1,000 za mkondo mmoja kama betri, njia nyingine za kampuni hiyo ni volti 11,000 za mkondo geu. Redio ya betri na umeme wa ukutani, ila yenye abiria.

Ukimaliza, futa reli kwa mafuta ya taa, na usiache ubao nje. Sisi tuliuacha, upepo wa bahari ukazitia reli kutu usiku mmoja tu, asubuhi gari likashika hadi 30. Mpwa akadai tuanze upya na soda ifutwe. Nimekataa.