Gari imetoka kupigwa rangi ila juani inaonyesha vimistari vya duara? Soma hii kabla hujagombana na fundi

Gari inatoka gereji jioni inang'aa mpaka unajiona kwenye mlango, kesho yake saa sita mchana unasimama upande wa jua unakuta boneti nzima ina vimistari vya duara vinazunguka pale mwanga unapopiga, na kama ni nyeusi au bluu ya kuiva ndio balaa kabisa. Wengi hapo wanasema fundi kapiga rangi feki. Mara nyingi rangi yenyewe iko poa tu, shida ni polishi, jamaa kapitisha kompaundi kali, ile dawa ya kusugulia yenye chembe, na pedi ya manyoya, kivulini akaona imeng'aa, akapaka waksi ikaziba mistari, akakupa funguo. Waksi ikishatoka baada ya kuosha osha ndio unaona ukweli. Ile hatua ya pili ya sponji laini aliiruka.

Kwanza muulize alipiga lini na ilikauka kwa oveni au hewa tu. Klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi, ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha) ikipikwa oveni nyuzi kama 60 kwa nusu saa, kesho yake unaweza kuigusa na mashine, lakini iliyokaukia uani ipe siku kadhaa, na kama ilikuwa msimu wa mvua ongeza tena. Pima kwa kubonyeza ukucha sehemu iliyojificha, mfano pindo la ndani la mlango, ukiacha alama bado mbichi hiyo, iache. Ukiilazimisha inalainika kwa moto wa pedi, mistari inaonekana imeisha halafu baada ya wiki unaiona tena.

Halafu pitisha ukucha taratibu juu ya mstari wenyewe, ukinasa ujue huo ni mkwaruzo wa kina, usiufukuze na polishi. Klia kawaida ni mikroni 40 mpaka 60 hivi, yaani nyembamba kuliko karatasi ya fotokopi, na kila ukipolishi unakula kidogo.

Osha gari kwa maji mengi na shampuu ya gari, sio sabuni ya unga na lile tambara lililofutia rimu. Piga masking tepu kwenye kona, mikunjo ya bodi na raba za vioo, maana kwenye kona klia ni nyembamba zaidi na ndipo watu wanapotobolea. Mashine iwe ya kupolishi yenye kupunguza spidi. Kuna watu wanafunga pedi kwenye grainda ya kukatia chuma, ile inazunguka mara kama 11,000 kwa dakika jamani, hiyo haipolishi, inaunguza. Kama hujawahi kushika mashine tafuta ile inayozunguka huku inatikisika, inachelewa ila inasamehe.

Fanya kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Chagua kipande cha kama sentimita 50 kwa 50 ujaribu hapo kwanza, na anza na dawa laini ya polishi na sponji ya kati, usianze na kompaundi kali, ikishindikana ndio unapanda. Matone manne ya ukubwa wa punje ya njegere yanatosha. Sambaza kwa spidi ndogo, kisha panda mizunguko 1,000 mpaka 1,500 kwa dakika kama mashine ni ya mzunguko wa kawaida, pedi ilale flati, tembea polepole kwenda na kurudi halafu juu na chini, kila mstari ukilalia nusu ya uliopita, kama mara nne tano. Gusa bodi na mgongo wa mkono, vuguvugu sawa, ikiwa ya moto simama. Na ukiona pedi inatoka na rangi ya gari wakati gari ina klia, zima mashine, umeshatoboa.

Futa na maikrofaiba safi, kisha pitisha kitambaa chenye maji na spiriti kidogo, usiloweshe rangi mpya, ni kutoa mafuta ya dawa tu ambayo yanadanganya macho. Mulika na tochi ya simu kwa ubavu. Mistari mikubwa ikiisha na kubaki ukungu, hapo sasa ndio ile hatua waliyoiruka: sponji laini, dawa ya kumalizia, mkono mwepesi. Kila ukimaliza kipande sugua pedi na mswaki utoe uchafu, na pedi ikianguka chini usiirudishe mpaka uifue, chembe moja ya mchanga inakuchorea boneti nzima upya.

Waksi na seramiki (ile dawa ngumu ya kukinga rangi) subiri, watengenezaji wengi wa rangi wanasema siku 30 mpaka 90 kwa iliyokaukia hewani, rangi inatakiwa imalize kutoa thina. Kipindi hicho ndege akinya usingoje jioni, klia changa inaliwa haraka, mwagia maji, acha kilowe, kiinue na kitambaa bila kusugua.