Umeachishwa kazi baada ya kutoa taarifa? Namna ya kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi)

Haya ni ya Tanzania Bara, kwa walioajiriwa sekta binafsi. Mtumishi wa umma aanzie kwenye njia za rufaa za utumishi wa umma. Nimeyaandika baada ya kumsaidia karani wa ghala aliyeripoti stakabadhi feki, kisha akapewa barua ya kuachishwa kazi.

1. Andika kila tukio kwenye daftari: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Mimi naamini daftari kuliko simu. Simu ya ofisi wataichukua siku hiyo hiyo.

2. Toa taarifa kwa mamlaka husika, kwa nia njema. Hapo ndipo sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi inapokukinga. Rushwa ipeleke TAKUKURU, namba 113.

3. Usisaini barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na mwajiri.

4. Jaza fomu CMA F.1. Hapa ndipo mashauri mengi yanapofia, kwa hiyo soma taratibu. Ukiachishwa kazi una siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine, kama kubaguliwa ukiwa bado kazini, ni siku 60. Ahadi ya "subiri, tunalishughulikia" haisimamishi siku hizo. Ukichelewa, ambatanisha maombi ya kuongezewa muda yenye sababu za kweli, la sivyo fomu haipokelewi.

Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu. Usiiache wazi: eleza kasoro ya sababu na kasoro ya utaratibu, kila moja peke yake. Unachodai kiandike chote, kwa kuwa usichokiandika humo ni vigumu kukidai baadaye. Kama hujatimiza miezi 6 kazini, dai la kuachishwa isivyo halali halikuhusu, lakini la ubaguzi (ujauzito, dini, kabila, ulemavu, VVU) bado unalo.

Saini, kisha mpe mwajiri nakala kabla ya kwenda CMA. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Wakikataa getini, tuma kwa rejesta na utunze risiti ya posta. Bila uthibitisho huo utarudishwa.

5. Siku ya usuluhishi fika mwenyewe. Usiposhindikana mnasaini makubaliano. Ukishindikana shauri linakwenda kwa mwamuzi, na huko ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuachisha kwa haki.