Land Rover ya zamani ikigoma kuwaka: tafuta cheche kabla ya kununua koili

Land Rover nyingi za Series zilizopo Arusha na Moshi bado zina pointi (vidole viwili vya chuma vinavyounga na kukata umeme wa koili) na kondensa (kikopo kidogo kinachozilinda zisiungue) ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, na matatizo mengi ya cheche huanzia hapo. Anayesingiziwa zaidi ni koili, inayokuza umeme wa betri uwe cheche, kwa kuwa iko mahali pa wazi na kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Vipimo vilivyomo humu ni vya injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne, umeme wa volti 12. Magari mengine ya Kiingereza yenye distributa ya Lucas hupimwa kwa utaratibu huohuo, ila gepu (uwazi kati ya pointi au kwenye plagi) na taimingi (wakati wa cheche kutoka) fuata kitabu cha gari lako.

Andaa balbu ya volti 12 yenye nyaya mbili, fila geji (vibao vyembamba vya kupimia gepu), bisibisi, plaizi yenye mpini wa mpira na kitambaa kikavu. Mita inasaidia, lakini hapa taa inaizidi: mita itasoma volti 12 hata kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja, wakati balbu itafifia na kukwambia ukweli. Tena taa haijali kama gari lako ni la zamani zaidi, lile lenye ethi (waya wa betri unaofungwa kwenye chuma cha gari) upande wa chanya.

Anza na betri. Ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na stata ikizungusha isishuke chini ya volti 10 hivi. Ikishuka zaidi, stata inakula umeme wote na koili haipati kitu, hivyo gari hukataa kwa ufunguo lakini huwaka likisukumwa. Safisha vichwa vya betri na ule waya mnene wa ethi kwenye chasisi kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa cheche. Weka gia huru, vuta hendibreki, hakikisha hakuna petroli inayovuja. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kofia ya distributa, ushike kwa plaizi milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, kisha mwenzako azungushe stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Ikiwa nzima hapo lakini kwenye plagi hamna kitu, koili na pointi hazina kosa. Ruka hadi kwenye rota (kipande kinachozunguka chini ya kofia) na kofia yenyewe.

Cheche isipotoka kabisa, fungua kofia ya distributa, washa swichi, na uunge mguu mmoja wa taa kwenye ethi. Mguu wa pili gusa tundu la koili linaloletewa umeme na swichi. Kwenye koili za zamani limeandikwa SW, na waya wake kwa kawaida ni mweupe. Taa isipowaka, tatizo liko nyuma, kwenye swichi ya ufunguo au waya. Ikiwaka, hamia upande wa distributa, ulioandikwa CB. Hapa ndipo penye jibu. Pointi zikiwa wazi taa iwake, zikifunga izime. Ikibaki inawaka hata zikiwa zimefunga, pointi ni chafu au sahani inayozibeba imepoteza ethi. Kale kawaya kafupi ka ndani ya distributa nako hukatika bila ganda lake kuonyesha. Isipowaka hata pointi zikiwa wazi, chomoa waya kwenye CB na upime tena tunduni. Ikiwaka sasa, koili inapitisha na shoti iko ndani ya distributa: ama kondensa imekufa, ama ile washa ndogo ya plastiki ya kuzuia umeme, iliyo chini ya springi ya pointi, imewekwa vibaya. Ikigoma bado, waya wa ndani wa koili umekatika.

Gepu ya pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40, ikipimwa kisigino cha pointi kikiwa kwenye kilele cha kamu (nundu ya shafti inayofungua pointi). Pointi mpya zifute kwa petroli kwanza, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo ni kizuizi cha umeme. Paka kamu grisi kidogo sana, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Bila grisi kisigino huliwa, gepu hupungua na taimingi huchelewa. Dereva analalamika gari limekosa nguvu kwenye mlima wa kwenda Marangu, kumbe ni sehemu ndogo ya milimita. Kila ukigusa gepu, angalia taimingi tena.

Kondensa ikichoka, pointi hutoa cheche kubwa za bluu zikifunguka, huungua haraka, na cheche ya plagi hugeuka njano. Kondensa mpya za bei ya chini zina sifa mbaya, kwa hiyo ya zamani iliyokuwa nzima usiitupe. Iweke kwenye boksi la spana.

Rota nayo huvuja. Shika waya wa koili milimita 3 juu ya shaba ya rota, washa swichi, kisha fungua pointi kwa kijiti kikavu. Cheche ikiruka kwa nguvu kuelekea rota, umeme wa cheche unapenya hadi kwenye shafti, badilisha rota. Kwenye kofia tazama mstari mweusi mwembamba kama unywele, na kaboni ya katikati iwe inarudi ukiibonyeza. Wakati wa masika, au injini ikishaoshwa kwa presha, mara nyingi kuifuta kofia ndani kwa kitambaa kikavu kunatosha.

Gari linalozima injini ikishapata joto na kuwaka tena likipoa linahitaji haraka yako: pima cheche palepale linapozima. Cheche ikiwepo, fuata petroli. Isipokuwepo, shuku kondensa au koili. Pima pia koili kati ya SW na CB, nyaya zikiwa zimechomolewa: karibu omu 3 ndiyo ya gari hili. Ya omu 1.5 imetengenezwa kufanya kazi na rezista, kifaa cha kupunguza umeme unaoingia. Ukiifunga bila rezista itachemka na kuchoma pointi.

Plagi weka gepu ya milimita 0.75 hadi 0.80. Zikitoka na masizi meusi makavu huku cheche ni nzuri, usilaumu umeme: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa pwani humwaga petroli nyingi mno.

Ukirudisha nyaya za plagi, mpangilio ni 1-3-4-2, na rota ya injini hii huzunguka kinyume cha saa. Ukizipanga upande wa saa gari litapiga mlio kwenye kabureta na halitawaka vizuri.