Namna ya kupata msaada wa serikali kwa samadi na mabaki ya mifugo jijini Dar es Salaam

Mfugaji wa Dar es Salaam anayetafuta msaada wa serikali kwa ajili ya samadi, maranda ya bandani au mabaki ya machinjio mara nyingi hukosea tangu mwanzo, kwa sababu huenda kuuliza kama kuna fedha za taka. Kinachopatikana ni huduma za ugani, mkopo wa halmashauri usio na riba na ushauri wa taasisi za umma, na milango hiyo humfungukia kwa wepesi zaidi yule anayefika na bidhaa anayotaka kuitengeneza, iwe mboji, gesi ya kupikia au funza wa nzi chuma wa kulisha kuku.

Anza na daftari. Kwa kila kundi la kuku wa nyama, andika tarehe ya kutandaza maranda, tarehe ya kuyazoa, idadi ya viroba vilivyotoka na mahali vilipokwenda. Mwenye ng'ombe apime kwa ndoo kinyesi cha kila siku kwa muda wa wiki moja. Hesabu hiyo ndiyo utakayoulizwa katika kila ofisi, na humfumbua macho hata mfugaji mwenyewe, kwa kuwa wapo wanaowalipa vijana wa mkokoteni wakautupe mzigo uleule ambao mkulima wa mchicha angeununua kwa kiroba.

Ukiwa na daftari, pata barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mwone afisa mifugo wa kata. Mwombe afike bandani badala ya kumweleza mambo ukiwa ofisini kwake, kwani maandishi yake kuhusu alichokiona ndiyo yatakayokubeba mbele ya maafisa wa halmashauri. Afisa afya naye apewe taarifa mapema, kabla jirani hajamfikia na malalamiko ya inzi.

Mkopo wenyewe unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, hivyo maelezo ya aliyekopa zamani yasichukuliwe kama yalivyo. Kwa kawaida anayekopeshwa ni kikundi, nacho husajiliwa kupitia idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kinapofanyia shughuli, yaani Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na huhitaji katiba, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki na andiko la mradi. Mwanamume aliyevuka umri wa ujana na asiye na ulemavu hana fungu hapa, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshapanga foleni. Yeye aulizie benki zinazokopesha kwa dhamana ya Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania.

Andiko ndilo linaloangusha vikundi vingi. Usijaze kurasa kwa sifa za mazingira safi. Eleza malighafi inatoka wapi, inakaa muda gani na nani atainunua. Kama mradi ni mboji, onyesha kwamba mnaijua kazi: samadi ya kuku huchanganywa na maranda au majani makavu, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa wiki kadhaa. Tumbukiza nondo katikati ya lundo, iache dakika chache, kisha uichomoe na kuigusa kwa uangalifu. Ikiwa ya moto, mboji bado inapikika. Ikitoka baridi nalo lundo likinuka uozo, limejaa maji au halijageuzwa. Mnapofikia kuifungasha na kuiuza, pitieni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania kabla ya kuchapisha mifuko.

Kwa gesi, taasisi ya umma yenye uzoefu mrefu wa mitambo ya kuba, yaani ile inayojengwa chini ya ardhi kwa umbo la duara, ni CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. Mtambo mdogo hulishwa kinyesi na maji kwa kiasi kinacholingana, na ng'ombe wawili wa ndani ni mwanzo wa kuridhisha. Wakazi wa mabondeni na baadhi ya maeneo ya Kigamboni, ambako maji ya ardhini yako karibu, wachimbe shimo la majaribio kabla ya kununua tofali hata moja.

Mabaki ya kuchinja yana masharti makali zaidi. Damu, mifupa na kwato zitoke kwenye machinjio yenye ukaguzi, kama Vingunguti, kwa kuwa anayechinja uani hana hoja ya kuombea msaada. Mzoga wa mnyama aliyekufa kwa ugonjwa usitiwe kwenye mboji wala kupasuliwa, hasa kikihofiwa kimeta. Mwite daktari wa mifugo, ambaye ataamua kama sampuli ipelekwe Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke, na ataelekeza namna ya kuufukia.

Kila barua unayoipeleka itoe nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu baada ya wiki tatu ndiyo utakayoishika ukirudi kuuliza jalada limefika meza gani.