Jinsi ya kuhesabu wanaolala nje Kigoma mjini, na kuifanya hesabu izae msaada

Kabla ya kupanga usiku wa kuhesabu, kubalianeni kwa maandishi nani anahesabiwa. Abiria aliyejinyoosha stesheni akisubiri treni ana kwao. Mlinzi wa duka yuko kazini. Mvuvi aliyelala Kibirizi, mwaloni ambako mitumbwi hushusha samaki, huenda ana chumba Ujiji. Swali moja linatosha kuwatenganisha: "Usingelala hapa, leo ungelala wapi?" Asiye na jibu, mwandike. Kitambulisho na uraia msiulize. Ukitaja uraia katika mkoa huu wa mpakani, kesho yake hutamkuta mtu pale. Wakimbizi wanaoishi kambini, kama Nyarugusu, wana daftari lao, msiwajumlishe.

Walionyang'anywa nyumba na maji ya ziwa, ambao sasa wanalala sebuleni kwa ndugu, waandikwe kwenye fomu ya pili inayojazwa na wenyeviti wa mitaa. Ufini huwahesabu watu wa namna hii pia, na ni sawa kabisa: anayejibana kwa shemeji leo anaweza kuwa barazani mwezi ujao.

Sasa usiku wenyewe. Marekani huhesabu usiku mmoja ndani ya siku 10 za mwisho za Januari, kwa kuwa baridi huwasukuma watu kwenye mabweni ya hifadhi, ambako ni rahisi kuwahesabu. Kigoma kinachowasogeza watu ni mvua na mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi ya dagaa iko ziwani. Mbalamwezi ikishika, wavuvi wako nchi kavu na mwalo umejaa. Hesabu ya mwezi mpevu ikilinganishwa na ya mwezi mchanga itaonyesha ongezeko ambalo halipo. Kwa hiyo chagueni kiangazi, Juni hadi Septemba, siku zinazozunguka mwezi mwandamo, na kila mwaka rudieni hivyo hivyo. Angalieni pia kama ziwa limefungwa kwa uvuvi, kama ilivyokuwa Mei hadi Agosti 2024. Mwaka wa namna hiyo uwekeeni alama.

Tokeni kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, watu watatu kila kundi: mtu wa ustawi wa jamii, mjumbe wa mtaa, na kijana aliyewahi kulala nje. Huyu wa tatu alipwe posho sawa na wenzake, maana ndiye anayejua nyuma ya vibanda vya soko la Mwanga kuna nani. Polisi na mgambo wasiwemo. Akionekana mtu mwenye sare, watu watadhani ni msako, na mtabaki mkihesabu maboksi matupu. Tochi ielekezwe chini, si usoni. Mkikuta mtoto, ofisa ustawi ndiye azungumze naye. Namba 116 ya msaada kwa watoto iwe kwenye simu ya kila kundi.

Usiku mmoja hautoshi, kwa sababu kuna mtakaowakosa. Rudini baada ya siku tano. Usiku wa kwanza mpe kila mtu kipande cha sabuni. Wa pili muulize kama alipewa. Tuseme wa kwanza mliwapata 40, wa pili 30, na kati ya hao 30 waliopewa sabuni ni 20. Zidisha 40 kwa 30, gawanya kwa 20: makadirio ni watu 60. Hesabu hii ina udhaifu mkubwa mmoja. Watu wakifukuzwa katikati ya siku hizo, waliopewa sabuni wanaweza kushuka hadi 10, nayo makadirio yakaruka hadi 120 bila mtu mmoja kuongezeka. Kwa hiyo halmashauri isimamishe operesheni zote za usafi wa mji wiki hiyo.

Sensa ya 2022 nayo iliwahesabu wasio na makazi, usiku wa kuamkia 23 Agosti, lakini sensa ni ya miaka 10. Haikuambii wiki hii ofisa wa ustawi aanzie kwa nani. Kinachomwambia ni daftari la majina, au lakabu kwa asiyetaka jina. Kila mtu awe na mstari wake: anahitaji nini kwanza (matibabu, nauli ya kurudi kwao, chumba), nani amepewa jukumu hilo, lini litakamilika. Ustawi, afya, dawati la jinsia na watoto, watendaji wa kata na misikiti na makanisa yanayotoa chakula wakutane kila baada ya wiki mbili wakiwa na daftari hilo hilo mezani. Mstari usio na jina la mhusika haujapangwa.

Kila mwezi toeni tarakimu tatu: wapya, waliopata pa kulala, na waliorudi nje. Ya tatu ndiyo hufichwa sana, na ndiyo inayoonyesha kama chumba kilichotolewa kililipiwa mwezi mmoja tu. Aliyeondolewa barazani bila kujulikana alikokwenda asiandikwe kuwa amepata makazi. Mwandikeni "hajulikani alipo", na kijana wa kundi aulizie kwa wenzake.

Daftari likae kabatini kwa ofisa ustawi, kwa ufunguo. Nakala isiende kwa mgambo hata wakiiomba kwa barua.